Ukali wa asidi ni ukali gani?

Jumamosi iliyopita nilikuwa jikoni nikitengeneza achari ya maembe mabichi, kazi ambayo nyumbani kwetu Tanga nimeachiwa mimi tangu mama alipochoka kukatakata, na mpwa wangu wa kidato cha pili alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango akiwa na daftari lake la kemia. Nilipofungua chupa ya siki harufu ilimfikia, akakunja pua, kisha akasoma kwa sauti mstari aliounakili ubaoni: siki ni asidi dhaifu. Alinyamaza kidogo, akachovya ncha ya kidole kwenye kijiko nilichopimia, akailamba na kufumba macho.

"Mjomba," akasema, "kama hii ndiyo dhaifu, hiyo kali ikoje?"

Nimefanya kazi ya ufundi sanifu katika maabara za shule kwa miaka mingi, na swali hilo nimelisikia kwa sura nyingi. Jibu linalotolewa na vitabu ni sahihi, lakini huwa halimfikii mwanafunzi anayesoma kwa Kiingereza na kuwaza kwa Kiswahili, kwa sababu neno letu "kali" limebebeshwa mizigo mingi mno. Jua ni kali, mbwa ni mkali, kisu ni kikali. Chai ni kali majani yakizidi, chungwa ni kali likichumwa kabla ya kuiva, na mwalimu wa zamu ni mkali kila Jumatatu. Mwanafunzi akifika kwenye asidi anakuta mambo manne yasiyofanana, na yote anayaita ukali: wingi wa asidi iliyomo majini, wepesi wa asidi hiyo kuachia ilicho nacho, mahali mmumunyo unapoangukia kwenye kipimo cha pH, na madhara yake kwenye ngozi na macho. Mambo haya hayafuatani. Asidi inaweza kuwa kali kwa maana moja na mpole kwa maana nyingine tatu, na wanafunzi wengi niliowaona wakianguka katika mada hii walianguka hapo hapo, si kwenye hesabu.

Tuanze na asidi yenyewe. Maana ya kwanza anayopewa mwanafunzi inatokana na kazi ya Svante Arrhenius wa Uswidi: asidi ni kitu ambacho kikiingia majini huachia ioni za haidrojeni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, na besi ni kile kinachoachia ioni za haidroksidi. Arrhenius aliwasilisha mawazo yake kuhusu ioni katika tasnifu ya mwaka 1884, watahini wake wakampa daraja la chini, na mwaka 1903 akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa mawazo hayohayo. Mimi hupenda zaidi maana iliyokuja mwaka 1923, ambayo Johannes Brønsted huko Copenhagen na Thomas Lowry huko Uingereza waliifikia kila mmoja kivyake, kwamba asidi ni mtoaji wa protoni na besi ni mpokeaji wake. Atomu ya haidrojeni ina protoni moja na elektroni moja tu, hivyo ikipokonywa elektroni yake hubaki protoni tupu, na protoni tupu haitembei peke yake majini bali hudandia molekuli ya maji mara moja. Uzuri wa maana hii ni kwamba inakataza kumtaja mtoaji bila mpokeaji. Maji yenyewe hupokea protoni kutoka kwa asidi ya haidrokloriki, lakini yakikutana na amonia yanageuka kuwa ndiyo yanayotoa. Ukiuliza kama maji ni asidi au besi, nami nitakuuliza yamekaa na nani.

Kipimo cha pH kilitoka mahali ambapo mwanafunzi hatarajii. Mwaka 1909 Søren Sørensen, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya kampuni ya bia ya Carlsberg, Copenhagen, alichoka kuandika tarakimu ndefu za wingi wa ioni za haidrojeni na akaamua kutumia logarithi. Ndiyo maana kila hatua moja ya kipimo hicho ni mara 10, na ndiyo maana pia namba hupungua asidi inapozidi, jambo linalowaudhi wanafunzi wote kwa haki kabisa. Maji safi katika nyuzijoto 25 yana pH ya 7, maziwa mabichi yapo chini kidogo ya hapo, maji ya bahari yapo karibu na 8.1, na siki ya mezani ipo karibu na 2.4. Kutoka kwenye maziwa hadi kwenye siki ni hatua nne na ushei, maana yake ni kwamba ioni za haidrojeni katika siki zinazidi zile za maziwa kwa zaidi ya mara 10,000.

Sasa turudi kwenye kijiko cha siki. Siki ya kawaida yenye asilimia 5 ya asidi ya asetiki ina takriban moli 0.83 za asidi hiyo katika kila lita, moli ikiwa ni kizio ambacho wanakemia huhesabia molekuli. Hiyo si kidogo, na kwa lugha ya chai tungesema imekolea. Hata hivyo, katika kila molekuli 1,000 za asidi ya asetiki zilizomo kwenye chupa, ni takriban 5 tu ambazo kwa wakati wowote zimeachia protoni zao; 995 zilizobaki zimezishikilia. Udhaifu unaotajwa kwenye daftari la mpwa wangu ni huo tu. Asidi ya haidrokloriki ikiwekwa majini kwa kiasi cha kawaida huachia zote, 1,000 kwa 1,000, nayo ndiyo inayoitwa kali hata kama umetia tone moja kwenye pipa zima. Lugha yetu tayari inayo maneno ya kutenganisha mambo haya: kuna kukolea, na kuna kuzimua. Anayezimua asidi ya haidrokloriki kwa maji haibadilishi kuwa dhaifu, kama vile kumfungia mbwa mkali bandani hakumfanyi kuwa mpole. Laiti tungekubaliana shuleni kwamba kiasi kikizidi tuseme asidi imekolea, na neno "kali" tuliachie kazi moja tu ya kueleza wepesi wa kuachia protoni, nusu ya mkanganyiko ingeisha.

Jambo hili nililielewa kwa macho kabla ya kulielewa kwa hesabu. Mwalimu mmoja niliyemsaidia maabara alitaka kuwaonyesha wanafunzi wake mimumunyo miwili yenye pH sawa, mmoja wa siki na mwingine wa asidi ya haidrokloriki. Tulichukua asidi ya haidrokloriki ya moli 0.1 kwa lita tukaizimua mara 25, tukapata moli 0.004 kwa lita, ambayo pH yake ni ile ile ya siki. Karatasi ya kiashiria iligeuka rangi moja kwenye bika zote mbili, na darasa zima likakubali kwamba ukali ni sawa. Kisha tukapima mililita 20 za kila mmoja, tukatia matone ya fenofthalini, kiashiria kinachogeuka waridi asidi ikishakwisha na besi kuzidi, na kuanza kudondoshea haidroksidi ya sodiamu, ambayo ni besi, ya moli 0.1 kwa lita kutoka kwenye bureti, mrija wenye vipimo na bomba chini. Ile ya haidrokloriki ilikuwa waridi kabla msichana aliyeshika bureti hajatulia vizuri: mililita 0.8, matone kama 16 hivi. Kwa siki tulifungua bureti, ikaisha yote mililita 50 na rangi haikubaki. Tukaijaza tena, ikaisha. Tukaijaza mara ya tatu, ikaisha pia, na wavulana wa nyuma wakaanza kucheka wakidhani nimekosea kemikali. Rangi ya waridi ilikuja kukaa tukiwa kwenye bureti ya nne, baada ya mililita 166 kwa jumla. Mimumunyo miwili iliyosomeka sawa kwenye karatasi ilitofautiana zaidi ya mara 200 ilipotakiwa kulipa deni lote.

Mfano ninaoutumia kueleza jambo hili ni wa duka la nafaka. Duka la haidrokloriki lina magunia machache, na yote yamepangwa barazani. Duka la siki lina magunia 1,000, lakini mwenye duka ni mtu wa tahadhari, hivyo ameweka 5 tu barazani na yaliyobaki yapo stoo. Karatasi ya kiashiria ni mpita njia anayetazama baraza, kwa hiyo ataapa kwamba maduka hayo mawili yana mali sawa. Haidroksidi ya sodiamu ni mnunuzi mwenye lori. Anapobeba gunia moja la siki, mwenye duka anatoa jingine stoo mara moja, na biashara inaendelea mpaka stoo imekauka. Kilichomfumbisha macho mpwa wangu kinaelezwa na mfano huo huo, kwa sababu ulimi hausomi baraza peke yake: siki huwa chachu zaidi mdomoni kuliko mmumunyo wa haidrokloriki wenye pH sawa, na akiba ya stoo inachangia ladha hiyo.

Upande wa besi una bahati yake mbaya ya lugha. Neno "alkali" halina uhusiano wowote na "kali" yetu, ingawa masikio yanadanganyika. Limetoka katika Kiarabu, ambako al-qali ni majivu ya mimea inayoota kwenye ardhi ya chumvi, yaliyotumika kutengenezea sabuni na kioo. Na kutoka hapo ndipo wanakemia walipopata jina kaliamu na herufi K inayowakilisha potasiamu hadi leo. Sisi tunayo magadi. Magadi tunayotia kwenye maharage na mlenda ni madini yenye kabonati na bikabonati ya sodiamu, na chanzo chake kikubwa ni Ziwa Natron upande wa Tanzania na Ziwa Magadi upande wa Kenya. Maji ya Natron hupita pH ya 10, na kando yake umesimama Ol Doinyo Lengai, volkano pekee duniani inayoendelea kutapika lava iliyojaa kabonati za sodiamu, na hapo ndipo flamingo wadogo wa Afrika Mashariki huzaliana kwa wingi. Ndani ya sufuria magadi hulainisha maharage kwa kuvunjavunja gundi inayoshikilia kuta za seli za mbegu, na huihifadhi rangi ya kijani ya mboga, ambayo ukipikia kitu kichachu hugeuka kuwa ya hudhurungi. Gharama yake ni kwamba vitamini B1 haivumilii besi na huharibika, hivyo anayetia magadi ya kujaza kiganja kwa kutaka kuokoa kuni anapoteza upande mwingine.

Kiashiria kizuri cha besi kimo katika kila nyumba ya pwani, nacho ni manjano. Mchuzi wa biriani ukidondokea kanzu nyeupe huacha doa la njano. Paka sabuni ya mche juu yake, na doa hugeuka jekundu la kutu mbele ya macho yako, kiasi kwamba mfuaji mgeni anaweza kudhani amejikata kidole. Sabuni hiyo ni besi yenye pH ya 9 hadi 10, na manjano yakiwa kwenye besi hubadilika rangi. Minya ndimu, nalo doa hurudi kuwa njano. Halitoki, lakini angalau umefanya kemia. Chokaa ya tambuu hufanya kazi ya ukoo huo huo: wekundu wa midomo ya watafunaji hautoki kwenye jani wala kwenye popoo peke yake, bali hutokea pale maji ya popoo na katu yanapokutana na chokaa, ambayo ni haidroksidi ya kalsiamu iliyopatikana kwa kuchoma mawe ya matumbawe na kuyatia maji.

Kwa sababu besi haina uchachu, watu hawaiogopi, na mimi mwenyewe sikuiogopa. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa nikiandaa mazoezi ya kidato cha nne, nikiyeyusha punje nyeupe za kostiki, yaani haidroksidi ya sodiamu, nayo majimaji yakanirukia kwenye kifundo cha mkono. Sikuhisi kuungua. Nilichohisi ni utelezi, kama vile nimeshika kipande cha sabuni kilicholowa, nikajifuta kwa koti na kuendelea kukoroga. Utelezi ule ulikuwa ni sabuni kwelikweli: kostiki ilikuwa imeanza kugeuza mafuta ya ngozi yangu kuwa sabuni, kwa njia ile ile ambayo mafuta ya mawese hugeuzwa kwenye ndoo ya mtengeneza sabuni. Maumivu yalikuja baadaye, yakiwa yameshatangulia kuingia ndani. Mwanafunzi mmoja mwenye akili, aliyekumbuka somo, akakimbilia jikoni kuleta ndimu ili asidi iifute besi. Mzee tuliyekuwa tukifanya naye kazi alimzuia mlangoni, akaushika mkono wangu na kuuweka chini ya bomba lililofunguliwa mpaka mwisho, na akakataa kuuachia kwa muda ambao ulionekana kwangu kuwa mrefu kuliko adhabu. Alikuwa sahihi. Asidi na besi zinapofutana hutoa joto, na ngozi iliyoungua haihitaji joto zaidi; tena wakati unaotumika kutafuta ndimu ndio wakati ambao kostiki inachimba. Maji mengi yanayotiririka, kwa dakika 20 au zaidi, kisha hospitali, na kwa jicho hakuna kungoja hata kidogo.

Asidi nyingi zikigusa ngozi hugandisha protini za juu, na gamba hilo huchelewesha kidogo asidi inayofuata. Besi hailetei mwili kinga hiyo, kwani huyeyusha na kupenya, ndiyo sababu madaktari wa macho huhofia chokaa na kostiki zaidi ya asidi nyingi. Kwenye asidi zenyewe, ukali wa daftarini haukuambii hatari yake. Asidi ya haidrofloriki inahesabiwa kuwa dhaifu, kwa maana ile ile ya kushikilia protoni zake, lakini inakula kioo, hivyo hutunzwa kwenye chupa za plastiki, na ikiingia mwilini huikamata kalsiamu na inaweza kuua. Katika maabara yetu haikuwahi kuletwa, na sikuwahi kuiulizia. Nadhani picha iliyotuharibia kipimo ni ile ya maji ya betri, tindikali inayotajwa kwenye magazeti kila mtu anapomwagiwa: hiyo ni asidi ya salfuriki ambayo ni kali kwa kila maana, imekolea, huachia protoni kwa wepesi, pH yake ipo chini kabisa na inaunguza. Maana zote nne zimekutana kwenye chupa moja, na mtu aliyejifunzia hapo atadhani zinakutana kila mahali.

Kuna pia wale wanaotumiana ujumbe wa simu kwamba maji ya ndimu hugeuza damu kuwa alkali. Damu ya mtu mwenye afya inakaa kati ya 7.35 na 7.45, inalindwa na bikabonati, mapafu na figo usiku na mchana, na aliyetoka nje ya mipaka hiyo ni mgonjwa aliyelazwa, si mtu aliyekunywa ndimu akafanikiwa. Ndimu ni tamu kwenye samaki, hilo linatosha.

Mpwa wangu alisikiliza yote haya huku nikichemsha siki pamoja na pilipili na bizari, na mwishoni akauliza swali ambalo lilinifurahisha kuliko la kwanza. Kama pH ndiyo inayozuia achari kuharibika, alisema, kwa nini isitiwe asidi kali kidogo tu, matone machache, badala ya chupa nzima ya dhaifu? Ni kweli kwamba chini ya pH ya 4.6 bakteria wanaotengeneza sumu ya botulini hawaoti, na kipimo hicho unaweza kukifikia kwa asidi yoyote. Lakini siki hufanya zaidi ya hapo, na inaweza kwa sababu ni dhaifu. Protoni iliyokwisha kuachiwa ina chaji ya umeme, na utando wa bakteria hauipitishi kirahisi. Zile molekuli 995 ambazo bado zimeshikilia protoni zao hazina chaji, kwa hiyo hupenya utando huo bila kuzuiwa, na zikishafika ndani, ambako hali ni karibu na 7, ndipo zinapoziachia. Bakteria huishia kutumia nguvu zake zote kusukuma nje protoni zilizofunguliwa chumbani mwake.

Aliandika hayo pembezoni mwa daftari kwa Kiswahili, kwa kalamu ya risasi ili mwalimu asione, kisha akanishikia chupa nikimimina siki juu ya maembe mpaka vipande vyote vikazama.